Kamera Gani Uende Nayo Mji Mkongwe: Mwongozo wa Kuchagua Kabla Hujapanda Boti

Kila mwaka watu wawili watatu hunipigia simu wiki moja kabla hawajavuka kwenda Unguja, na swali lao ni lile lile: nibebe kamera gani? Mmoja ana simu nzuri, na juu yake ameazima kamera ya shemeji. Mwingine ana begi zima la vifaa vya harusini na anaona uchungu kuliacha nyumbani. Wote mimi huwarudishia swali: utatembea wapi, na saa ngapi?

Maana Mji Mkongwe si mbuga. Ukienda Mikumi unakaa garini, mnyama yuko mbali, na lenzi ndefu inalipa uzito wake. Huku unatembea kwa miguu. Kuna vichochoro ambavyo mwenye baiskeli akipiga kengele lazima ubane ukutani apite. Unatoka kwenye jua kali, unaingia kwenye kivuli kizito, unatoka tena, yote ndani ya dakika moja. Unachotaka kukipiga kiko hatua mbili mbele yako, na mara nyingi kuna mtu amekaa karibu nacho. Kamera inayofaa ni ile inayofanya kazi ukiwa umebanwa, kwenye mwanga haba, bila kumshtua aliye barazani. Megapikseli na jina lililoandikwa kwa mbele tutayazungumza baadaye, tukipata nafasi.

Hatua ya 1: Andika njia yako kwenye karatasi

Usiandike "kuzunguka mjini". Andika mahali na saa. Yangu ya siku moja huwa hivi: saa 1 asubuhi Darajani, kwenye mnada wa samaki. Saa 3 Mkunazini, kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Kabla ya adhuhuri Hamamni, kwenye mabafu ya kale. Jua likiwa utosini, kahawa Jaws Corner, kijiwe cha wazee. Alasiri milango ya nakshi ya mitaa ya Kiponda na Hurumzi. Saa 11 na nusu jioni niko Forodhani, bustani ya ufukweni, kuangalia vijana wanaopiga makachu, yaani wanaojirusha baharini kutoka ukutani, na nabaki hapo hapo mpaka usiku taa za vyakula ziwake.

Sasa pembeni ya kila mstari andika shida yake. Mnada wa samaki una paa, giza, maji chini, na mikono isiyotulia. Kanisani na Hamamni ni ndani, mwanga unaingia kwa vidirisha. Milango: hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Makachu: mtu yuko hewani nusu sekunde. Forodhani usiku: balbu juu, mvuke, moshi, watu wanapishana.

Hesabu ni mistari mingapi inayodai lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Kwenye orodha yangu sipati hata mmoja. Makachu wangeweza kuidai, lakini ukuta wa Forodhani unakuruhusu kusogea mpaka karibu. Mistari mingapi inadai lenzi pana, inayoingiza kitu kikubwa ukiwa karibu nacho? Karibu nusu. Mingapi inadai lenzi inayokubali mwanga kidogo? Zaidi ya nusu. Karatasi hiyo imeshakujibu robo tatu ya swali lako, na hujatumia hata senti.

Jambo moja kabla hatujaendelea. Wengi wana picha moja kichwani wanayokwenda kuitafuta: Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, likiwa limesimama lote na mnara wake wa saa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka. Kwa hiyo uliza hali yake ya sasa kwa mtu aliyeko huko kabla hujanunua lenzi kwa ajili ya jengo moja.

Hatua ya 2: Pima kwa doti ya kanga

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anasema, "nitabeba ile lenzi ya milimita 50, picha zake zinang'aa." Kweli zinang'aa. Lakini akifika mbele ya mlango wa Kiponda anagundua kwamba mgongo umeshagusa ukuta wa jirani na kwenye fremu ameingia mfaa peke yake, ule mti wa katikati, na njumu nne za shaba. Kizingiti cha juu, chenye nakshi zote alizozifuata, kiko nje.

Chukua doti ya kanga ambayo haijakatwa. Ina mita tatu hivi kwa urefu, kadiri ya mlango mkubwa wa nakshi pamoja na fremu yake. Itandaze ukutani kwa ulalo, ishikilie kwa pini au mwombe mtu ashike. Simama mbele yake na kamera ukiwa umeilaza kawaida, rudi nyuma polepole mpaka doti nzima iingie, kisha pima umbali kutoka ukutani hadi kwenye lenzi. Mlangoni utaisimamisha kamera wima, lakini hesabu haibadiliki.

Ukipenda kupiga hesabu badala ya kutandaza kanga, kanuni ni hii: urefu wa kitu zidisha kwa namba ya milimita ya lenzi, gawa kwa 36. Milimita hizo ziwe zile zinazolingana na kamera ya filamu ya zamani ya milimita 35. Mlango wa mita 3 kwa lenzi ya 28 unadai mita 2 na sentimita 33. Kwa lenzi ya 50 unadai mita 4 na sentimita 17. Ukiifunga ile ile 50 kwenye kamera ya Canon ya kawaida yenye sensa ndogo (sisemi sensa ya watu na makazi, nasema kile kipande kinachopokea picha), lazima uzidishe kwa 1.6, inakuwa kama 80, na mlango ule ule unadai mita 6 na sentimita 67. Vichochoro vya Mji Mkongwe vyenye upana huo vipo, lakini si vile ulivyokwenda kuvitafuta.

Kwa hiyo, kwa mji huu, lenzi yako iwe kati ya 24 na 35 kwa hesabu hiyo. Kipenzi changu ni 28. Chini ya 24 mistari ya kuta inaanza kupinda na mlango unaonekana kama unaangukia nyuma. Inafaa ukiwa ndani ya Hamamni, inachosha ukiitumia siku nzima. Kamera kuu ya simu nyingi za leo iko kwenye 24 hadi 26, na ndiyo sababu simu haipati tabu vichochoroni. Ile ya 0.5 iko kwenye 13 au 14. Itumie kwa tahadhari, na usimweke mtu pembeni mwa fremu: atatoka na kichwa cha tikiti.

Kwa wenye kamera za sensa ndogo, ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo boksini ikiwa kwenye 18 inakuwa kama 27 kwa Nikon na kama 29 kwa Canon. Watu wanaidharau kwa sababu ni ya plastiki na kila mtu anayo. Kwa upana, haina kosa. Kosa lake liko kwenye mwanga, na ndipo tunapokwenda.

Hatua ya 3: Ujue mwanga wa huko kwa saa zake

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mchana jua linakaa utosini, na kichochoro kinagawanyika vipande viwili: ukuta mmoja mweupe unaoumiza macho, mwingine mweusi tititi. Kamera yoyote, hata ya mamilioni, ikipiga picha moja tu itapoteza upande mmoja. Ajabu ni kwamba hapa simu huishinda kamera kubwa, kwa sababu yenyewe hupiga picha kadhaa kwa mkupuo na kuziunganisha bila kukuambia. Ukiwa na kamera, piga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaikarabati), pimia mwanga kwenye upande wa jua, na upande wa kivuli utauinua nyumbani. Au fanya kama wenyeji: saa hizo tafuta baraza lenye kivuli, kaa, pumzika.

Jioni ni kinyume chake. Jua linazama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, na giza halisubiri. Baada ya jua kuzama una kama dakika 20 za ile rangi ya samawati, kisha usiku umeshaingia. Mtu aliyezoea jioni ndefu za Ulaya atakuwa bado anatafuta mahali pa kusimama.

Usiku Forodhani ndipo mtihani ulipo. Fikiria muuza mishikaki chini ya balbu moja, anapepea makaa. Ili mkono wake usitoke kama moshi unahitaji shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya sekunde 1/60 au ya haraka zaidi. Lenzi ambayo tundu lake linafunguka f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) kwa mwanga huo mara nyingi hunipa ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kamera kuukuza mwanga), ambayo kamera nyingi za miaka kumi iliyopita zinaimudu. Lenzi ya boksini ukiivuta mpaka 55 haifunguki zaidi ya f/5.6, na hapo ISO inapanda mpaka 12800, picha inakuwa na chengachenga kama mchele uliochanganyika na mchanga. Ukiiacha kwenye 18 inafunguka f/3.5, na hali inakuwa nafuu sana. Kwa hiyo ukiwa na lenzi hiyo usiku, sheria ni moja: usivute, sogea.

Namba zinazokaa kichwani ni hizi. f/2 inapitisha mwanga mara mbili ya f/2.8, mara nne ya f/4, mara nane ya f/5.6. Mara nane ndiyo tofauti ya kurudi na uso wa mpishi au kurudi na kivuli chake.

Na simu? Ile hali yake ya usiku hukusanya mwanga kwa sekunde moja hadi tatu. Inafaa kwa ukuta wa Ngome Kongwe, jahazi lililotia nanga, au meza iliyopangwa vyakula. Mtu anayemimina juisi ya miwa hatatulia sekunde tatu kwa ajili yako. Izime, msogelee kwenye taa, piga picha nyingi, utabahatika moja.

Flashi iache nyumbani. Sina hoja ndefu: inaua ule mwanga uliokuleta, na inamkasirisha kila aliye ndani ya mita kumi.

Hatua ya 4: Fikiria atakayeangaliwa na kamera yako

Miaka kadhaa nyuma nilivuka na kamera kubwa, lenzi nene yenye kikombe cheusi mbele, mkanda mwekundu shingoni. Jaws Corner wazee walikuwa wakicheza dhumna. Sikuwa nimeinua hata mkono, wawili wakageuza nyuso ukutani na wa tatu akavuta kofia yake mbele. Nilipita kama mtu aliyefumaniwa.

Safari iliyofuata nilikwenda na kamera ndogo inayoingia mfuko wa shati. Nikaketi kwanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa kitako, unywe kahawa."

Nikanywa cha kwanza, nikanywa cha pili. Yeye ndiye aliyeiona ile kamera juu ya goti langu. "Na hicho kidude kinapiga picha kweli?" Nikamwambia kinapiga, ila sina hakika kama kinapiga vizuri. Akacheka, akanyoosha kanzu. "Basi kijaribu." Picha ile ninayo mpaka leo, na kikombe cha kahawa kimo ndani ya fremu.

Sidai kwamba kamera ndogo inakupa ruhusa. Ruhusa inaombwa kwa salamu, na ukikataliwa unashukuru na kuendelea na safari yako. Ninachodai ni kwamba kamera kubwa inamjibia mtu kabla hujamuuliza: anajua wewe ni wa gazeti, au wa biashara, au mgeni atakayemuuza mahali asipopajua. Akina mama waliovaa buibui usiwapige kwa kuvizia, uwe na simu au na nini. Watoto, mwombe mzazi. Mbele ya msikiti wakati watu wanatoka kusali, kamera ikae begini. Bandarini, kwenye kambi, Ikulu na kwa askari yeyote aliye kazini, usiielekeze kabisa. Ukishuka kwenye boti kamera iwe imefungwa mpaka utoke geti. Wanaotaka kurusha droni wafuatilie vibali mapema, la sivyo waiache bara.

Sauti nayo ina uzito wake. Kamera zenye kioo ndani hupiga "kwachu" inayosikika kichochoro kizima. Zisizo na kioo, na zile ndogo, nyingi zinaweza kunyamazishwa kabisa. Ndani ya kanisa la Mkunazini, penye watu waliosimama kimya, tofauti hiyo si ndogo.

Hatua ya 5: Sasa chagua

Una karatasi ya njia, una vipimo vya kanga, unajua mwanga na unajua watu. Nakupa maoni yangu kwa hali ya mfuko, si kwa ubora wa dukani.

Huna kamera, una simu ya miaka mitatu minne hivi? Nenda nayo, na usiazime kitu. Pesa ambayo ungekodisha kamera nunua pawabenki ya uhakika, maana simu hiyo hiyo ndiyo ramani yako, tiketi yako na pochi yako, na joto la Unguja linakula chaji. Futa lenzi kila baada ya nusu saa kwa kitambaa laini cha pamba. Jasho la kidole na chumvi ya bahari ndivyo vinavyofanya picha nyingi za usiku ziwe na ukungu wa taa, kisha watu wanalaumu simu.

Una DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani, ya bei nafuu, kama Canon 250D au Nikon D3500? Hizi si mzigo kama wengi wanavyodhani. D3500 pamoja na betri ina gramu 415, na kwa vipimo vya kiwanda betri moja inapiga picha 1,550, siku mbili za Unguja bila kutafuta soketi. Vua lenzi ndefu. Mwenye Canon, nakushauri utafute lenzi yao ile bapa ya milimita 24 ya f/2.8 iliyotoka mwaka 2014: gramu 125 tu, haivuti, kwenye kamera hiyo inakuwa kama 38. Ni nyembamba kidogo kwa milango, nimekiri, lakini kwa watu, soko na Forodhani usiku ni raha tupu, na kamera inapungua ukubwa kiasi kwamba watu wanaacha kukuita "mwandishi". Milango utaipiga kwa simu. Usione aibu.

Una pesa kidogo zaidi na unapenda kutembea? Hapa ndipo penye moyo wangu. Ricoh GR III, ya mwaka 2019, ina sensa ya ukubwa ule ule wa DSLR za kawaida, lenzi ya 28 isiyovuta yenye f/2.8, na uzito wa gramu 257 ukijumlisha betri na kadi. Inaingia mfukoni kweli, si mfukoni kwa lugha ya matangazo. Kasoro zake nazijua kwa maumivu: betri yake ni ya picha 200 kwa vipimo, kwa hiyo beba tatu, na haijazibwa dhidi ya vumbi wala mvua. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ina lenzi ya 35 yenye f/2, inaona gizani vizuri zaidi, ila ina gramu 521 na bei inayofanya mtu atembee akiishika kwa mikono miwili. Kamera unayoiogopea huitoi, na usipoitoa umebeba tofali.

Wenye watoto wadogo, na wanaotaka kitu kimoja kinachofanya kila kitu, watazame zile ndogo zinazovuta kama Sony RX100 VII: gramu 302, kutoka 24 hadi 200. Mchana ni hodari. Usiku ukivuta itakupa tabu ile ile ya tundu dogo niliyoieleza.

Na wewe mwenye begi la harusini. Najua umeshaanza kupanga: mwili wa full frame (wenye sensa kubwa kama filamu ya 35), 24-70, 70-200, flashi, stendi. Kilo nne au tano, nyuzi joto 32, ngazi za nyumba za zamani. Beba mwili mmoja na lenzi moja, 35 kama unayo au 28. Iache 70-200 kwa mtu unayemwamini. Nilishasafiri nayo mara mbili, na mara zote mbili ilikaa hotelini kwenye kabati ikilala vizuri kuliko mimi.

Kubadilisha lenzi njiani kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: upepo wa bahari una chumvi na vichochoro vina vumbi la chokaa. Kila unapofungua, unakaribisha vyote viwili ndani. Lenzi moja inayokaa siku nzima ni usafi pia.

Hatua ya 6: Ukiazima au ukinunua ya mkononi

Pwani yetu ina adui wa lenzi anayeitwa fangasi. Unyevu, giza la kabati, begi lililofungwa miezi sita, basi anaota kama utando wa buibui ndani ya kioo. Niliwahi kununua lenzi Kariakoo, kwenye duka ambalo jina lake nalihifadhi, nikaikagua kwa nje tu kwa sababu muuzaji alikuwa mkarimu na soda ilikuwa ya baridi. Nilipofika Forodhani kila taa ikawa na ndevu.

Kagua hivi. Vua vifuniko vyote viwili. Washa tochi ya simu, iangazie upande mmoja, wewe chungulia upande wa pili kwa pembe, zungusha polepole. Vumbi dogo dogo si neno. Nyuzi nyuzi, au doa lenye mizizi, rudisha. Kisha weka lenzi kwenye kamera, funga tundu mpaka f/16, piga picha ya ukuta mweupe au mbingu isiyo na mawingu, na uitazame ikiwa imekuzwa. Madoa meusi yanayokaa pale pale kwenye kila picha ni uchafu wa sensa. Unasafishika, lakini uombe punguzo. Mwisho bonyeza kila kitufe, fungua mlango wa betri utazame kutu ya kijani, na piga picha hamsini mfululizo. Kamera yenye ugonjwa mara nyingi hujitaja kabla ya ya arobaini.

Hatua ya 7: Fanya jaribio la jioni moja

Usiku wa kwanza na kamera mpya usiwe wa Forodhani. Nenda kwenye soko la mtaani kwako au kwa muuza chipsi wa karibu, saa 1 usiku, na kamera uliyochagua tu. Jaribu kupiga picha tatu: mtu anayefanya kazi kwa mikono chini ya taa, kitu kirefu ukiwa umebanwa, na mtu anayepita. Kama unatafuta vitufe, hujaizoea. Tembea nayo siku tatu tena. Kama mgongo au shingo inalalamika kabla ya saa moja kwisha, umebeba kubwa.

Kisha pangilia mipangilio usiku wa kuamkia safari. Mimi huweka hivi na siigusi sana: tundu f/2.8 au f/3.5, ISO ijiendeshe yenyewe lakini isizidi 6400, shata isishuke chini ya sekunde 1/125 mchana na 1/60 usiku. Kwa makachu tu ndipo naipandisha mpaka 1/1000, na hapo jua liko nyuma yao, kwa hiyo ninapima mwanga kwenye anga na kuwaacha wao wawe vivuli vyeusi vinavyoruka.

Begini: kadi mbili za gigabaiti 32 badala ya moja ya 64, ili moja ikiharibika usipoteze safari nzima. Betri za ziada. Chaja, na plagi zetu za pini tatu zinaingia kule kama huku. Mfuko wa plastiki wenye zipu, vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kitambaa cha lenzi, na mkanda wa mkononi badala ya wa shingoni. Kama ni Machi hadi Mei, mfuko wa pili wa plastiki, kwa sababu masika haiombi ruhusa.

Ule mfuko wa zipu una kazi nyingine. Ukilala chumba chenye kiyoyozi na ukatoka asubuhi moja kwa moja, lenzi yenye baridi itajaa mvuke papo hapo, nje na wakati mwingine hata ndani. Ifungie kamera mfukoni ukiwa bado chumbani, toka nayo, kunywa chai, na uifungue baada ya nusu saa. Usiifute ikiwa na mvuke, itajichora.

Ukiwa huko, tenga dakika ishirini upite Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Tazama zile picha za zamani ukijiuliza jambo moja tu: mpiga picha alisimama wapi? Mara nyingi utakuta ni karibu kuliko ulivyozoea. Toka hapo urudi kwenye ule mlango uliokushinda asubuhi.

Kurudi, boti ikianza kuchupa mawimbi, usiende na kamera sitaha ya mbele kama haijazibwa. Rasharasha ya maji ya chumvi inakauka na kubaki chembe nyeupe kwenye maungio. Ukifika nyumbani, kabla hujaangalia hata picha moja, toa betri, futa mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji baridi, kisha kwa kikavu, na uiache mezani penye hewa usiku kucha. Usiirudishe kwenye begi. Fangasi wa Kariakoo alianzia kwenye begi la mtu.